Mama Yetu Ukutani kwa Bibi Hadley

Louisville, 8 Februari 2015

Kaka yangu Ruhimbika,

Nisamehe. Miezi saba imepita na barua yako ya Julai imekaa chini ya mto wangu bila jibu. Ukiniuliza sababu nitasema kazi, na ukiuliza zaidi nitasema baridi. Pokea hizo mbili kwa sasa. Kwako simu ni ya salamu tu na neno zito huandikwa. Ndiyo maana leo nimeketi na kalamu, ingawa mkono umekuwa mzito.

Tangu Agosti namtunza mjane mmoja, Bibi Hadley, katika nyumba ya matofali karibu na reli, mtaa wa Crescent Hill. Ana miaka themanini na tisa. Miguu yake imekataa na vidole vimejikunja, lakini ulimi bado unatembea. Jina langu limemshinda, ananiita Zigi.

Sasa nisikilize. Katika chumba anamokaa mchana kuna picha ya kuchorwa kwa rangi, kubwa kama mlango uliolazwa. Babu yake aliinunua Ufaransa zamani. Ni msitu. Si msitu wa giza. Ni ule wa saa tatu asubuhi, ukungu unapoinuka na jua kupenya juu, na majani yote yakawa kama yanapumua. Kuna kijia. Kuna moshi mwembamba nyuma ya miti, kama watu wanachoma makaa. Na kwenye kijia anakuja mwanamke amebeba kuni mgongoni, ameinama, na mkanda wa mzigo umepita kwenye paji la uso wake.

Kaka, ni mama.

Sisemi anafanana na mama. Ni yeye, na namna yake ya kuinua macho kutoka chini ya mzigo ili ajue nani anakuja, bila kuinua kichwa, kwa sababu mkanda umekikaza. Wewe ulikuwa shuleni. Mimi nilitembea nyuma yake na mzigo wangu mdogo na mkanda wangu mdogo, kutoka msituni hadi nyumbani, miaka sita. Bibi anapolala baada ya chakula, nakaa mbele ya picha na kumpa mama habari zetu. Siku nyingine anasogea. Asubuhi yuko karibu na mti wa gome jeupe. Alasiri amekaribia ukingo, bado hatua mbili atoke.

Wewe uliyesoma, niambie: mchoraji Mzungu alifikaje kwetu Walungu, na mwaka gani?

Binti yangu Chimène anakusalimu kutoka Buffalo. Mtoto wake anaongea sasa, Kiingereza kitupu, ila mimi bibi yake ananiita Koko. Najua kalamu yako nyekundu iko mezani. Ihurumie barua hii.

Mdogo wako,
Nzigire


Columbus, 1 Machi 2015

Mdogo wangu Nzigire,

Nimepokea barua yako, na nimesamehe miezi saba. Mwandiko siwezi kuusamehe. Mstari wa nne umepanda juu ya mstari wa tatu, na ukurasa wa pili unateremka kama njia ya mtoni. Ilinibidi kuweka rula chini ya kila mstari. Nilikufundisha kuandika mimi mwenyewe, likizo ya mwaka wa hamsini na tisa, kwa kijiti juu ya jivu, na hata kwenye jivu uliandika vizuri kuliko hivi. Andika mchana, penye mwanga, na usiwe na haraka.

Kuhusu picha. Ili nisikujibu kwa ujinga, Jumapili iliyopita nilipanda basi la High Street kutoka hapa Clintonville hadi makumbusho ya mjini. Mwanangu Masumbuko, aliyekuwa ametoka kazini kwenye ghala la Hilliard, alicheka: "Papa, unaenda kuangalia miti mu nyumba, na miti iko hapa inje?" Wanazo huko picha za Wafaransa wa kizazi hicho, waliotoka nje na kuchora mashamba na misitu papo hapo, wakichora mwanga badala ya vitu. Nilisogea karibu, kama ninavyolisogelea daftari la mwanafunzi. Sikuona mti wala mtu, niliona madoa. Mlinzi aliniomba nirudi nyuma. Nilirudi hatua mbili, madoa bado. Akasema, "Zaidi kidogo, mzee." Katika hatua ya sita msitu ulijitokeza. Sikuipenda kazi inayomtaka mtu aikimbie ndipo aielewe.

Jibu langu, basi, ni hili. Wachoraji hao hawakufika Walungu. Wakulima wa Ufaransa hawakubeba mzigo kwa mkanda wa paji la uso. Walibeba begani au kwa gari la mkono. Ulichokiona ni kitambaa cha kichwa, au mstari wa jua. Huyo si mama. Mama yuko kaburini tangu mwaka 1964, na kumtundika kwenye ukuta wa watu si heshima.

Chimène akija kukutembelea, aipige picha hiyo kwa simu na aniletee. Nitakuonyesha kosa lilipo.

Kaka yako,
Ruhimbika


Buffalo, 12 Aprili 2015

Mjomba Ruhimbika,

Nakusalimu sana. Kiswahili changu utakisahihisha ukinipigia simu, leo nisome tu.

Mama alikuja kwetu hapa Riverside kwa Pasaka. Bon, kuna jambo. Kanisani, mbele ibada ianze, alisimama mlangoni na kusalimia: "Jambo, Pasteri, habari ya nyumba?" Akangoja jibu. Mjomba, ilikuwa koti. Koti la mtu, limetundikwa kwenye msumari. Watu wakacheka, naye akawashinda kwa kucheka, akasema, "Hata hivyo hili halihubiri saa mbili." Mimi pia nilicheka. Lakini tulipofika nyumbani nikaanza kumwangalia. Akimimina chai anatia kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Anatembea na ukuta. Mto Niagara uko pale mwisho wa barabara yetu. Akauliza lile shamba la bluu ni la nani. Mtoto wangu akinyamaza, mama hajui kama yuko chumbani.

Nikamuuliza. "Wacha, Chimène, nimesahau miwani." Donc, Mjomba, mama hajawahi kuwa na miwani.

Nilimrudisha Louisville mimi mwenyewe kwa gari. Bibi yule alikuwa amelala, nikaipiga ile picha. Nimeichapisha, iko ndani ya bahasha. Angalia. Yule wa kwenye kijia ni mwanaume. Mzee wa ndevu, na kofia nyeupe. Nyuma yake kuna gari la mkono la kuni, limesimama tu. Mama alikuwa pembeni yangu ananiambia, "Umemuona nyanya yako?" Nikasema ndiyo. Nilishindwa.

Nimemwomba ahamie hapa nimwangalie. Anasema Bibi hawezi kubaki peke yake. Zungumza naye. Wewe anakuogopa kidogo.

Mpwa wako,
Chimène


Columbus, 26 Aprili 2015

Nzigire,

Chimène ameniandikia kuhusu macho yako. Sasa naelewa mistari iliyopandana, na naona haya kwa niliyoyasema juu yake. Haya hiyo haiondoi swali langu: kwa nini umeficha? Mtu asiyeona anawezaje kushika dawa za mgonjwa? Na ulidhani ungeficha hadi lini, kwa kidole ndani ya kikombe?

Usinijibu kwa barua. Basi langu litafika Louisville Jumamosi, tarehe 9 Mei, saa nane mchana. Tafuta miadi ya daktari wa macho Jumatatu, tarehe 11. Nitaketi nawe humo ndani na kusikiliza kila neno.

Picha aliyoipiga Chimène nimeipokea pia. Tutaizungumza nikifika.

Kaka yako,
Ruhimbika


Louisville, 24 Mei 2015

Kaka,

Ni siku kumi na moja tangu uondoke, na barua hii nimeiandika mara tatu kichwani kwa hasira. Hii ya nne imepoa kidogo.

Kwa habari ya daktari sina ugomvi nawe. Ulisikia mwenyewe: mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. Kama sikubali kupasuliwa, mwaka ujao nitakuwa naona mchana na usiku tu. Jicho la kulia kwanza, na silazwi, narudi kulala nyumbani. Uliandika yote kwenye kidaftari chako, hata jina la muuguzi. Kwa habari ya dawa pia umeona: Bibi anasoma chupa kwa sauti, mimi nafungua. Yeye ana macho, mimi nina vidole. Tungefika mbali hivyo hivyo.

Ugomvi wangu ni wa ile alasiri ya mwisho, uliposimama mbele ya picha. Uliniambia, "Nionyeshe yuko wapi." Nikakuonyesha kwa kidole, nikakusimulia uso wake, sehemu kwa sehemu. Bibi Hadley akauliza, "Na Mwalimu, yeye anaona nini?" Ukajibu, "Naona miti." Sauti yako haikuwa yako. Nikajua unaficha jambo.

Kwa hiyo ulipokwisha kupanda basi nilimwendea Bibi.

"Bibi, yule kwenye kijia ni nani?"

"Sisi watoto tulimwita Mjomba Gaston," akasema. "Kwa sababu ya ndevu zake."

"Ndevu gani?"

Nikamuuliza kama alijua ninamwita mama yangu.

"Zigi, miezi tisa nimekusikia ukimsimulia mambo. Sijui hata neno moja la lugha yenu. Lakini miaka themanini nimemjua Gaston, na hakuna aliyewahi kumwongelesha hivyo. Ningekuzuia kwa nini?"

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, na huko sakafuni kicheko kikageuka.

Bibi namsamehe, hakumjua mama. Lakini wewe! Maisha yangu yote umenisahihisha: mwandiko, lugha, mchumba wa kwanza, hata namna ya kukunja bahasha. Siku niliyokosea kuliko siku zote, nilipomwita mzee wa ndevu mama yangu mbele ya watu, kalamu yako nyekundu ilikuwa wapi? Nimekuwa wa kuhurumiwa sasa?

Hospitali wananipigia simu, wanataka jibu. Sijawapa. Maana nikikaa pale baada ya chakula, nikijua yote ninayoyajua, bado ndevu sizioni. Naona mkanda. Naona moshi, na ukungu unaopanda, na mama akija taratibu kati ya majani. Wakinisafisha jicho, kesho yake atakuwa Gaston. Na mimi sina pengine pa kumwona.

Nzigire


Columbus, 14 Juni 2015

Mdogo wangu mpendwa,

Una haki ya kukasirika, ila umekosea sababu. Sikunyamaza kwa kukuhurumia.

Sikumbuki uso wa mama. Nakumbuka miguu yake, nakumbuka sauti yake akiwaita mbuzi, nakumbuka moshi katika nguo zake. Uso haupo. Nilikwenda seminari ndogo nikiwa na miaka kumi na miwili, nikawa narudi nyumbani mara moja kwa mwaka, na kila niliporudi alikuwa ameinama: shambani, jikoni, chini ya mzigo. Mkuu wa seminari aliniambia habari ya kifo chake baada ya somo la Kilatini, na kwanza akanitaka nimalize zoezi. Nililimaliza bila kosa hata moja. Nilipofika nyumbani mlikuwa mmekwisha kusawazisha udongo. Hatukuwahi kuwa na picha yake. Miaka hamsini na moja nimeona aibu kumwuliza mdogo wangu mama yetu alikuwa na uso wa namna gani.

Kisha ukaniambia bila kuulizwa. Ulisema paji la uso lina bonde dogo pale mkanda ulipokaa miaka yote. Ulisema jicho la kushoto hufumbwa kidogo kwa sababu ya moshi. Ulisema mdomo unataka kucheka na mzigo unaukataza. Nilikuwa nikitazama ndevu za yule mzee, nikiwa nimefungua kinywa ili nikusahihishe. Sijui ni nini kilichonifanya nivue miwani. Wewe wanijua nilivyo bila miwani. Ndevu zikawa kivuli cha kidevu, kofia ikawa mkanda, lile gari la kuni likapanda mgongoni, na mama akaniinulia macho kutoka chini ya mzigo wake kutazama nani anakuja. Nilisema naona miti kwa sababu neno lingine lisingetoka.

Nina jambo la pili la kuungama, baya kuliko hilo. Ndani ya basi, kabla ya kufika Cincinnati, nilitamani ukatae kupasuliwa. Nilitaka abaki duniani mtu mmoja anayemwona. Ndiyo kusema nilitaka macho yako yafe ili kumbukumbu yangu ipone. Nimekuandikia hili ili ulijue unapopima ushauri wangu.

Ushauri wangu ni kwamba ukubali. Una mjukuu. Una barabara za kuvuka. Mama hakutembea na mzigo ule ili binti yake aje kupapasa kuta. Lakini sitakuamuru, na sitampigia daktari simu nyuma yako, ingawa namba yake ninayo.

Kaka yako,
Ruhimbika


Louisville, 5 Julai 2015

Kaka yangu,

Barua yako Bibi alinisaidia kuifungua, kisha nikaisoma peke yangu kwa kioo cha kukuzia, maneno matatu matatu, siku mbili nzima. Hasira imekwisha. Nilipofika pale pa somo la Kilatini niliweka kioo chini, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Chimène alikuja na mtoto kwa sikukuu ya jana. Jioni tulikwenda mtoni na umati wa watu kuangalia fataki. Sijui wengine waliona nini. Chimène anasema ni cheche tu na kelele. Mimi niliona maua makubwa yakifunguka ndani ya maji ya juu, yakayeyuka taratibu, na kila moja lilikawia kuondoka. Nisikufiche, Kaka: dunia hii niliyo nayo ina uzuri wake. Haina kona. Hakuna kinachonijia ghafla. Hata watu wabaya wakinipita nawaona kama miti.

Lakini mtoto alikaa mapajani mwangu muda wote ule na sikumwona akishangaa. Nilimshika uso kwa vidole nijue kama anacheka. Akaruka kwa kutekenywa, "Stop, Koko, that tickles!" Chimène akasema, "Mama, bon, ungemuangalia tu." Hakukusudia ubaya. Kisha nikasikia pumzi yake ikikatika, nikajua analia.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kukuambia, kwa sababu sisi wote tuliliona na tukadhani unalijua.

Unakumbuka siku ulipofika kutoka seminari, na matanga yakiwa uani. Wanawake waliokaa pale waliinamisha vichwa, mmoja akajifunika kitenge usoni, na hakuna aliyekuja kukupokea. Najua ulivyoielewa. Ulidhani wanakulaumu kwa kuchelewa, na tangu siku ile umekuwa mtu wa kufika kabla ya saa. Kaka, hawakukulaumu. Uliingia uani na uso wa mama juu ya shati jeupe la shule. Paji lake, pua yake, na mdomo ule ule. Hawakuweza kukutazama. Mimi mwenyewe nilijificha nyuma ya ghala la mtama hadi ulipolala.

Mwezi wa Mei ulikaa mbele yangu siku nne, mezani na kwa daktari, na nilichokiona ni koti la kijivu lenye sauti kali. Nilikuwa nahangaika na ukuta wa Bibi, na uso wenyewe umekaa kando yangu unaandika jina la muuguzi.

Ndiyo maana nasitasita, usidhani ni woga wa kisu. Mama alifariki hajafika miaka arobaini. Wewe una sitini na minane. Sijui miaka imeacha nini hapo. Pengine wataniondolea bandeji, nikuangalie, na nimkute. Pengine nitamkuta kaka yangu amezeeka, basi, na mama nitakuwa nimemwacha msituni kwa mkono wangu mwenyewe. Hili daktari hawezi kunijibu, nawe huwezi, maana wewe huujui uso unaoubeba.

Hospitali wamenipa hadi Ijumaa, tarehe 10. Chimène anataka nikapasuliwe Buffalo, aniuguze yeye. Bibi anasema kitanda changu na kazi yangu vitakuwa hapa, popote nitakapokwenda. Alhamisi nitakaa mbele ya picha kuanzia chakula cha mchana hadi mwanga uondoke, na nitamwambia mama kila kitu, pamoja na habari zako. Kisha nitaingia kulala.

Nikishaamua nitakuandikia, wewe kabla ya Chimène na kabla ya daktari. Kama ni ndiyo, usingoje jibu la pili. Panda basi, uje uketi pale watakaponifungua jicho, na uwe umegeukia upande wangu.

Mdogo wako,
Nzigire